Jengo Lisiloguswa

Ghorofa ya nne, 9 Januari

Mdogo wangu Kalamu,

Barua yako ya mwaka mpya ilifika, na Mama ameniamrisha niisome mpaka nimeikariri. Jicho la pili nalo limeshikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo macho yake sasa ni mimi. Hata hii ninayokuandikia nitamsomea nikimaliza, anataka kuhakikisha sikupunji salamu zake. Simu unajua haimfai. Anasema sauti ya kwenye simu ni ya mtu aliyetumbukia kisimani.

Tuna habari moja. Mwenye jengo amebandika tangazo kule chini, ukutani pa duka la viatu. Jengo limeuzwa kwa kampuni, na kampuni italibomoa ipate maegesho ya magari. Sisi wapangaji tuliobaki tutahamishiwa kwenye nyumba mpya nje ya mji, nyumba za chini, kila familia na mlango wake na kauwanja kake. Wanasema kabla ya Juni.

Nilipomwambia Mama alinyamaza. Alikuwa anakunja shuka. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi pia sina la kusema. Jengo hili unalijua wewe kuliko sisi, wewe uliyekuwa ukilichora kwa mkaa mpaka kwenye kuta za choo.

Lifti bado imekwama ghorofa ya pili, mlango wazi kama mtu aliyesinzia kwenye kiti. Mama hajashuka tangu mazishi ya Mama Mdogo. Nilikusimulia: vijana wa duka la viatu walimbeba kwa kiti, na wakati wa kumrudisha mmoja akateleza, kiti kikapinduka nusu, Mama akabaki ameng'ang'ania nguzo ya ngazi, gauni limempanda magotini, watu wanatazama. Siku ile aliapa kwamba hatashuka tena ila akiwa hajitambui. Humu ndani anatembea vizuri na fimbo yake, kitandani hadi dirishani, dirishani hadi jikoni. Zilizomshinda ni ngazi tu, hizi za marumaru, zilizojengwa na mtu mwenye miguu ya twiga.

Usihangaike. Litakalokuja tutalipokea.

Dada yako


2 Februari

Dada yangu, na wewe Mama unayesikiliza,

Barua nimeisomea ofisini, nikaweka kalamu chini, bosi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia karibu nifiwe.

Dada, umeandika huna la kusema. Nakujua. Ukikosa la kusema ndipo moyo unapokuuma zaidi. Na Mama kukunja shuka bila neno, hilo limenikosesha usingizi.

Mama, nisikilize. Uliingia jengo hilo ukiwa msichana, dobi wa hoteli, ukifua juu ya paa. Hoteli ikafa, zikaja ofisi za ardhi, ukawa mfagiaji. Ofisi zikahama, kikaja chuo cha uhazili, ukawapikia wanafunzi. Chuo kikafungwa, vyumba vikapangishwa, ukapanga. Umetulea humo. Wengine wote walipita, wewe ndiye uliyebaki. Leo mtu aje na tingatinga akuondoe kama takataka ili apate pa kuegesha gari?

Hapa nafanya kazi na wasanifu majengo. Mimi ni mchora ramani tu, lakini najua mlango upi unagongwa. Nimeanza kuchora jengo lote kwa kumbukumbu, kuanzia roshani hadi mapambo ya dari ya ukumbi wa kulia. Bosi wangu anawafahamu watu wa idara ya majengo ya kale huko nyumbani. Lala salama, Mama. Chumba chako hakitaguswa.

Mwanao na mdogo wako,
Kalamu


Ghorofa ya nne, 25 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako Mama amezipokea. Alisema, "Mwambie asijichoshe." Nami nasema hivyo hivyo.

Karatasi hii ya pili simsomei. Nimemwambia ni vipimo vya shati ninalokushonea. Kuanzia sasa ukiwa na jambo langu peke yangu, nawe niandikie karatasi ya pili.

Kalamu, usiandike kwa idara yoyote. Acha mambo yaende yanavyokwenda. Najua unalipenda jengo hili, na Mama najua ni kama ngozi yake, lakini tutamzoesha taratibu huko tuendako.

Kuna mtu amekuwa akija hapa. Tunamwita Fundi Umeme, maana ndiyo kazi yake. Alikuja kurekebisha waya wa cherehani yangu, akaona ninavyopandisha maji kwa ndoo, na tangu hapo kila akipita mjini anapandisha mbili. Ni mjane, mtu wa maneno machache. Anamsalimia Mama kwa kupiga goti kidogo hata kama Mama hamwoni. Zaidi ya hapo sitaandika. Tukishahama nitakuwa na neno la kukuambia.

Dada yako


20 Machi

Dada, Mama,

Tumeshinda.

Habari nimeipata jana. Idara imelitangaza jengo kuwa la kihistoria. Halibomolewi, halibadilishwi, halipakwi hata rangi bila kibali. Michoro yangu imewekwa kwenye faili lao. Bosi amenipigia makofi mbele ya ofisi nzima, nami nilikuwa nawaona nyinyi wawili dirishani.

Mama, sasa unaweza kuzeeka kwa amani palepale ulipo. Hakuna wa kukutoa.

Karatasi ya pili. Dada, yako ilinifikia nikiwa nimeshatuma kila kitu, na namshukuru Mungu, maana ungenivunja nguvu. Umekuwa ukijikaza miaka yote mpaka umesahau kwamba mtu anaweza kupigania kitu akakipata. Na lile neno lako la "tukishahama" sasa huhitaji kulisema, maana hamhami. Huyo Fundi msalimie. Mwambie asiache kupandisha maji.

Kalamu


Ghorofa ya nne, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera. Mama alipomaliza kusomewa alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu ana akili." Kisha akaomba apelekwe kitandani, ingawa ilikuwa asubuhi.

Watu wa idara walikuja, watatu, na kamba za kupimia. Wakasifu marumaru. Wakasifu chuma cha lifti, wakasema kizimba kile ni cha namna yake na hakuna ruhusa kukitoa wala kuweka lifti mpya. Bati nililotegesha juu ya jiko wameliondoa, linaharibu sura ya mbele. Waya wa cherehani nao wameukata kwa sababu ulipita juu ya pambo la ukuta. Nimerudi kukanyaga kwa mguu. Walimpiga Mama picha dirishani, mmoja akamwambia asisogee, mwanga ni mzuri. Hakusogea.

Zile nyumba za nje ya mji kampuni imewapa wengine, kwa kuwa hakuna tena wa kuhamishwa.

Hayo tu. Jitunze.

Dada yako


6 Mei

Dada yangu,

Mbona barua yako fupi, na karatasi ya pili haikuwemo? Au posta wameila? Waya wa umeme nitaulizia. Niliona picha ya Mama dirishani, idara iliituma huku, tumeibandika ofisini. Kila mgeni anauliza yule malkia ni nani.

Kibali changu cha kuishi huku kinafanywa upya na pasipoti iko uhamiaji, kwa hiyo safari ya kuja bado. Niandikie zaidi.

Kalamu


Ghorofa ya nne, 30 Mei

Kalamu,

Karatasi ni hii moja, na Mama hataisikia.

Ulimuuliza nani? Kabla hujachora hata mstari mmoja, ulituuliza?

Mwanzoni mwa mwezi Mama alishikwa na homa. Nilimpigia daktari, akauliza ghorofa ya ngapi, lifti inafanya kazi? Nikamwambia. Akasema nimlete. Nikamwambia ningeweza kumleta nisingempigia. Akanitajia dawa kwa simu. Usiku na mchana nilikuwa namkanda na kitambaa, na kila nikienda dirishani naona watu kule barabarani wanatembea, wananunua viatu, wanabishana, nikawaza: ikitokea moto leo, mimi nitashuka au nitabaki naye? Nilijua jibu, na jibu ndilo lililonitisha.

Unataka kujua siku yangu ilivyo? Naamka, nachota maji chini kwenye bomba la nyuma, napandisha. Nashona. Mtu akitaka kupimwa gauni lazima apande, na wanawake wenye umri hawapandi, kwa hiyo wateja wangu ni vijana tu, na vijana wananunua nguo madukani. Nikishuka sokoni Mama anabaki peke yake, nami natembea huku nakimbia. Sijakaa kwenye benchi, sijasimama kuongea na mtu barabarani, sikumbuki tangu lini.

Fundi alitaka kunioa. Ana nyumba ya chini, ina mlango mpana na uwanja. Alisema Mama atapata chumba kinachotazama nje. Nilimwambia, "Siwezi kumng'oa Mama humu kwa mkono wangu, atakufa. Lakini wakibomoa, hapo itakuwa si mimi." Tukawa tunasubiri kubomolewa kama wengine wanavyosubiri harusi. Ndilo neno nililotaka kukuambia tukishahama.

Umeliokoa jengo, mdogo wangu. Sisi tumo ndani yake.

Usinijibu haraka. Ukinijibu haraka utanijibu vibaya.

Dada yako


(Imepigwa taipu na Mwalimu wa Uhazili, mstaafu, ghorofa ya tatu, kama alivyotamka Mama)
8 Juni

Mwanangu Kalamu,

Dada yako amekwenda kupeleka sare za shule, nimemwita Mwalimu apande na mashine yake. Anasema nianze kwa kukujulia hali. Hali yako naijua, wewe mzima. Yangu ndiyo nataka kukuambia.

Dada yako anafikiri mimi ni kipofu na kiziwi. Upofu nakubali. Lakini barua anayoandika huku anavuta kamasi si ya vipimo vya shati. Na siku Fundi alipokuja na maneno yake walisimama nje ya mlango, na mlango huu wa kale mnaousifu haujawahi kufunga sawasawa. Nilimsikia akisema akining'oa humu nitakufa.

Mwanangu, nani aliwaambia nalipenda jengo hili?

Nilikuja hapa nikiwa na vidole laini. Magadi ya hoteli yakavila. Mashuka yalikuwa yanapandishwa machafu na kushushwa meupe kwa ngazi za nyuma, kwa sababu ngazi za marumaru dobi haruhusiwi kukanyaga, na lifti ndiyo kabisa. Zilipokuja ofisi za ardhi nikapewa ruhusa ya kukanyaga marumaru, ya kuyapiga deki. Chuo kilipokuja nilipika kwenye chumba kisicho na dirisha mpaka macho yakaanza kuniwasha, na nahisi ndipo yalipoanzia haya ya leo. (Mwalimu anasema yeye alikula chakula changu na kilikuwa kizuri. Ameandika mwenyewe, mimi sikumwambia.) Nilibaki kwa sababu nilikuwa na watoto wawili na kodi ya ghorofa hii ya juu kabisa ilikuwa nafuu. Ndiyo sababu yote. Haina mapambo.

Dada yako aliponisomea tangazo la kubomolewa nilitaka kupiga kigelegele. Lakini sauti yake ilikuwa imepooza, nikadhani anaumia, nikakunja shuka nikanyamaza. Baadaye ukaja wewe na furaha yako, umehangaika, bosi amekupigia makofi. Mama atakuambia nini?

Sasa nataka kushuka. Nitaogopa, nitatazamwa, basi. Ila nikimwambia dada yako mimi mwenyewe ataona najitoa kwa ajili yake, atakataa, unajua kichwa chake. Mwambie wewe.

Mwalimu anataka nimalizie na wasalaam. Haya, wasalaam.

Mama yako


22 Juni

Dada,

Sikukujibu haraka. Nilianza mara nyingi nikachana.

Sina cha kujitetea. Nilikuwa napigania jengo la kichwani mwangu, la mtoto anayeteleza kwenye marumaru na kuchora ukutani, nikawafungia nyinyi ndani yake. Hilo nitalibeba.

Sasa nisikilize, maana hili haliwezi kungoja. Mama anataka kuhama. Ameniandikia kupitia kwa Mwalimu, barua ile naiambatisha, isome mwenyewe. Hajawahi kulipenda jengo. Alinyamaza kwa kudhani wewe unalipenda, na wewe ukanyamaza kwa kudhani yeye, na mimi huku nikapiga ngoma ya wote.

La pili. Kampuni imepata kibali cha kulirudisha jengo kuwa hoteli kama zamani. Nimeona barua ofisini. Watafunga ngazi kuu mwezi Julai ili kuzikarabati, na wapangaji watapitia zile za nyuma, za chuma. Zile Mama hawezi hata kwa kubebwa, kiti hakigeuki kwenye kona zake. Wakizifunga kabla hamjashuka, atakaa huko juu mpaka wamalize, na sijui watamaliza lini.

Pasipoti bado iko kwao. Nimekwenda, nimesimama foleni, nimeambiwa nirudi. Ningekuwa hapo ningembeba mgongoni. Mwambie Fundi ambebe kwa niaba yangu.

Kalamu


19 Julai

Mdogo wangu,

Tumeshuka. Nakuandikia kutoka kwenye meza ya Fundi, na Mama amelala chumba cha pili na mlango wazi.

Barua yako ilichelewa. Nilipoisoma nilikwenda kukaa jikoni nikafunga mlango. Nilipotoka nilimwambia Mama, "Tunahama Jumamosi." Akasema, "Vizuri." Hatukusema zaidi, kila mmoja anaogopa mwenzake atageuza mawazo.

Fundi alikuja na wenzake wawili na mwenye duka la viatu, na kiti cha mikono alichokifunga mikanda ya kubebea mizigo. Mwalimu alitangulia na fimbo ya Mama. Mimi nyuma. Mama alikuwa amevaa gauni la kijivu, lile la mazishi, na chini yake akavaa suruali yako ya zamani. Akasema safari hii wakimwangusha, wataona suruali.

Alifumba macho ingawa haoni. Kila tukipumzika anauliza, "Wapi hapa?"

"Tumepita mlangoni kwangu," Mwalimu akasema.

"Hapo wasichana walikuwa wanalia siku ya mtihani. Mmoja alijifungia chooni, nikamtoa kwa maandazi."

Ghorofa ya pili, penye lifti, akanyoosha mkono akashika chuma cha kizimba. "Foleni ya hati za mashamba ilikuwa inaanzia hapa. Watu wazima wanalala sakafuni, nami napiga deki kuwazunguka. Walikuwa wananiomba niwasogezee faili zao mbele, mimi na ndoo yangu." Kisha akasema, "Twendeni."

Tulipofika kibarazani pa ghorofa ya kwanza tukakuta geti. Lile la chuma la kukunja, lililokuwa halifungwi tangu enzi za hoteli. Mafundi wa kampuni walikuwa wamelivuta asubuhi ile ile na kulitia kufuli jipya. Upande wa pili kuna mlinzi kijana, anakula karanga.

"Funguo anazo msimamizi," akasema. "Atarudi Jumatatu."

Fundi akampigia msimamizi, hapokei. Akapiga tena. Kumpandisha Mama juu haikuwezekana, mwenye duka la viatu mikono ilikuwa inamtetemeka, na mmoja wa wale wenzake alikuwa amekaa ameshika kiuno. Kiti tukakitua. Basi tukakaa pale, Kalamu, katikati ya ngazi, juu hapapandiki na chini hapashukiki. Jua likahama kwenye kioo cha ukumbi. Mama akabanwa na haja, wanaume wakageuka kutazama ukutani, nikashika shuka na ndoo ya rangi waliyoiacha mafundi. Tulipomaliza akavuta gauni lake chini. Kisha akaniambia, taratibu, "Usilie. Nimefanya kazi mbaya zaidi kwenye ngazi hizi."

Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Nilidhani unalipenda."

"Mimi nilidhani wewe."

Akaegemea mgongo wa kiti. "Mwaka aliokuja Fundi, nilikuwa nasikia hatua zako ukipandisha maji. Zilibadilika. Zikawa za mtu anayetarajia kitu. Nikajisemea, mtoto huyu ana furaha humu ndani, usimharibie. Kumbe furaha yenyewe ilikuwa inatoka nje."

Hapo Fundi alikuwa amechuchumaa pembeni ya geti, anapapasa bawaba. Akatoa bisibisi.

"Hilo haliguswi," mlinzi akasema, akasimama, karanga zikamwagika. "Ni la kale. Karatasi ile pale imebandikwa na idara."

Mama akageuza kichwa kuielekea sauti yake. "Kijana, unamjua aliyeomba karatasi hiyo?"

"Hapana, bibi."

"Ni mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa na ndiye nitakayemjibu. Wewe nenda kaangalie kama mvua inakuja."

Hakukuwa na wingu hata moja. Yule kijana alimtazama Mama, akamtazama Fundi, akaenda kusimama mlangoni akitugeuzia mgongo. Bawaba zilikuwa na kutu, moja ilivunjika. Geti likaegemea ukutani, tukapita ubavu ubavu.

Nje Mama aliomba awekwe chini. Fundi akamvua mikanda, nikampa fimbo. Akasimama kwenye lami na miguu yake miwili, magari yanapiga honi, akaniuliza, "Upande gani?" Nikamwonyesha kwa kumgeuza bega.

Ndoa tumefunga Jumatano ofisini kwa msajili, haraka kama kubandika kifungo. Mwalimu alikuwa shahidi. Nilikasirika nawe sana, na bado sijamaliza, lakini nilitamani uwepo.

Dada yako


2 Septemba

Dada, shemeji, Mama,

Nimesoma na kurudia. Hongereni. Kasirika mpaka umalize, nina nafasi ya kutosha.

Idara imeandika kwamba geti la ghorofa ya kwanza limepata uharibifu, na wakamtumia bosi wangu ombi la mchoro ili litengenezwe. Kazi nimepewa mimi. Nimelichora lote, bawaba nikasema sizikumbuki.

Kampuni inafungua hoteli mwakani, na wameiona ile picha ya dirishani. Wanataka Mama awe mgeni wao wa kwanza, alale usiku mmoja bure, chumba cha mbele. Nimesema nitauliza kwanza. Namwuliza.

Pasipoti bado. Hapa nina chumba, dirisha, na foleni ya kila Jumatatu.

Kalamu


30 Septemba

Mdogo wangu,

Mama anasema waambie ahsante, na mashuka yao wafue wenyewe.

Nina jambo la kukusimulia, na nitamsomea, hakuna tena karatasi ya pili.

Nyumba hii ina ua na mlango mkubwa wa bati. Tangu tuhamie, kila nikitoka nilikuwa naufunga kwa nje. Haoni vizuri, barabara iko karibu, nilikuwa naona ndilo jambo la busara. Mama hakulalamika. Jumanne nilitoka mbio kupeleka gauni la bibi harusi, nikasahau. Niliporudi mlango uko wazi, kitanda kitupu, fimbo haipo.

Sijui nilivyokimbia. Nilimwuliza muuza mkaa, nikamwuliza mama wa nyumba ya mbele, nikaita mpaka sauti ikakauka. Nilikwenda upande wa barabara kubwa, nikarudi, nikajaribu njia ya nyuma ya shule. Akilini nilishamwona chini ya gari.

Nilimkuta kwa kinyozi, kwenye kona ya pili. Amekaa kwenye benchi la wateja, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza juani. Kinyozi ananyoa mtu na redio inaimba.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimetoka."

"Umetoka kwenda wapi?"

"Siendi mahali. Nimetoka tu."

Nikasimama, natweta, mkono tayari nimemshika chini ya kwapa kumwinua. Hakuinuka. Alinipapasa kiganja, akahisi jasho.

"Na wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kukutafuta wewe."

"Si umeshanipata? Kaa."

Nikakaa. Kinyozi akatuuliza kama tunanyoa, Mama akamwambia bado tunafikiria. Watu walipita, mmoja akanisalimia nikamjibu, tukaongea bei ya vitambaa, akaenda. Nilikuwa nimeacha sufuria jikoni, na nilijua inaungua. Tulirudi giza likianza, polepole, kwa mwendo wake.

Dada yako